Kompyuta Iliyoongezwa Kasi na Kasha Dogo: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuihamisha

Utangulizi

Katika idara za lugha tumezoea kuona kwamba kompyuta ni jambo la wenzetu wa sayansi. Sisi kazi yetu ni kuiwasha, kuandika, kuchapa na kuizima. Hata hivyo, mwanafunzi wa siku hizi anayetafiti fonolojia au fasihi simulizi huitegemea mashine hiyo kuliko anavyoitegemea kalamu. Huwarekodi wazee wa Biryogo na Nyamirambo wakizungumza Kiswahili chao cha mjini, huzihifadhi sauti hizo, kisha huzichambua kwa programu kama Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Mzee aliyerekodiwa leo huenda asipatikane tena mwakani. Sauti yake ikiharibika ndani ya mashine, hakuna maktaba tutakayokwenda kuiazima.

Makala hii imetokana na swali lililoulizwa idarani: je, kompyuta ya mezani ambayo mmiliki wake wa awali aliiongeza kasi kupita kipimo cha kiwandani, inaweza kuhamishiwa katika kasha dogo ili iingie katika chumba cha kurekodia? Kwa juu juu hili ni swali la fundi, lakini jibu lake linamhusu kila mtu anayehifadhi kazi yake humo. Ndugu msomaji, tutaeleza maana ya kuongeza kasi, uhusiano wake na joto, mambo yanayobadilika kasha linapopungua, na hatua za kufuata. Hoja yetu kuu ni moja: kasi iliyojaribiwa ndani ya kasha kubwa ni ya kasha hilo kubwa. Ukibadili kasha, majaribio yaanze upya.

Maneno machache kwanza

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na lugha rasmi ni lazima iweze kuzungumzia hata kazi ya bisibisi. Kwa mafundi maneno yamechanganyika. Aliyesoma kwa Kifaransa huliita kasha boîtier, na wengine husema "sipiyu" wakimaanisha sanduku zima, ilhali sipiyu hasa ni prosesa iliyomo ndani yake. Mkanganyiko huu unaweza kumgharimu mtu fedha. Mteja akimwambia fundi "nibadilishie sipiyu", anaweza kurudi akakuta kilichobadilishwa sicho alichokusudia. Kwa hiyo katika makala hii tutayatumia maneno yafuatayo kwa maana hizi:

Kasha ni sanduku la nje linalobeba viungo vyote vya kompyuta ya mezani.

Ubao mama ni ule ubao mpana ambao viungo vingine vyote huunganishwa nao.

Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote.

Kipozi ni chuma chenye mapezi mengi, aghalabu pamoja na feni, kinachokaa juu ya prosesa ili kuiondolea joto.

Pawa saplai ni kikasha kinachoupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe wa volti ndogo zinazofaa kwa viungo vya ndani.

Bayosi ni programu ndogo iliyomo katika ubao mama wenyewe, inayoamka kabla ya mfumo wa kompyuta na inayohifadhi mipangilio ya kasi na volti.

Kuongeza kasi ni nini?

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, mfano wa wachezaji wanaoongozwa na ngoma. Kila pigo likilia, hatua moja hupigwa. Prosesa ya gigahezi 3.4 hupigiwa mapigo bilioni 3.4 kwa sekunde moja. Kiwanda huchagua kasi hiyo kwa tahadhari, kikijua kwamba prosesa zitauzwa nchi za joto na za baridi, na zitakutana na feni nzuri na mbovu. Kwa kuwa kiwanda huacha akiba, prosesa nyingi zinaweza kwenda mbio zaidi ya kipimo kilichoandikwa juu yake. Kuitumia akiba hiyo kwa makusudi ndiko tunakokuita kuongeza kasi.

Mfano uliovuma sana ni wa prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A, iliyotoka mwaka 1998. Kasi yake ilikuwa megahezi 300, iliyopatikana kwa kuzidisha mapigo ya ubao mama, megahezi 66, kwa nne na nusu. Wapenzi wa kompyuta waligundua kwamba mapigo ya ubao yakipandishwa hadi megahezi 100, kizidisho kile kile hutoa megahezi 450, na prosesa nyingi za aina hiyo zilistahimili. Mtu alinunua prosesa ya bei nafuu akapata kasi ya ile ya bei kubwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, Intel ilitoa Core i7-2600K ya gigahezi 3.4, ambayo kizidisho chake kiliachwa wazi kwa makusudi ili mnunuzi akipandishe apendavyo. Wengi waliifikisha gigahezi 4.4 na zaidi.

Prosesa za siku hizi hujipandisha zenyewe kwa muda mfupi, kisha hushuka joto linapozidi. Huko ni kupanda ndani ya mipaka ya kiwanda. Tunachozungumzia hapa ni mipaka yenyewe kusogezwa na mtu.

Jambo moja lishikwe vizuri: mipangilio ya kasi hukaa katika bayosi, na bayosi imo katika ubao mama. Ukiutoa ubao mama katika kasha kubwa na kuutia katika kasha dogo, umeihamisha na kasi iliyoongezwa. Siku utakapoiwasha, kompyuta itaanza kukimbia vile vile kama ilivyokuwa ikikimbia katika nyumba yake ya zamani. Itagundua mabadiliko baadaye, joto litakapopanda.

Kasi, volti na joto

Kasi peke yake isingetutia hofu sana. Tatizo ni kwamba prosesa ikikimbizwa mno huhitaji volti zaidi ili mapigo yake yasipotee. Joto linalozalishwa hulingana na kasi, mara volti, kisha mara volti tena. Yaani volti huhesabiwa mara mbili, na hapo ndipo penye gharama.

Tuchukue mfano wa hesabu. Prosesa ya wati 95 iko katika gigahezi 3.4 na volti 1.20. Tuseme mwenyewe ameipandisha hadi gigahezi 4.4 na volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 29 hivi. Volti imeongezeka kwa asilimia 12.5, lakini kwa kuwa huhesabiwa mara mbili, mchango wake katika joto ni asilimia 27 hivi. Ukizidisha yote mawili unapata ongezeko la joto la asilimia 64. Wati 95 zimekuwa zipatazo 156. Aliyekuwa na joto la balbu moja na nusu za zamani za wati 60, sasa ana balbu mbili na nusu na ziada, zote zikiwaka katika eneo lisilozidi kiganja cha mkono.

Hesabu hii pia husomeka kinyume, na huko ndiko kwenye nafuu yetu. Prosesa ile ile ikishushwa hadi gigahezi 3.0 na volti 1.05, kasi hupungua kwa asilimia 12 tu, ilhali joto hupungua kwa karibu theluthi moja, kutoka wati 95 hadi 64 hivi. Mwenye kasha dogo aikumbuke hesabu hii ya pili kuliko ile ya kwanza.

Kasha dogo linabadilisha nini?

Kasha la kawaida la kusimama huwa na ujazo wa lita 40 hadi 50, yaani jerikani mbili za maji za lita 20 na ziada. Makasha madogo huwa kati ya nusu jerikani na jerikani moja. Tofauti hii inagusa mambo manne.

La kwanza ni ubao mama. Vipimo vyake si vya kukisia. Intel ilitoa kipimo cha ATX mwaka 1995, cha milimita 305 kwa 244. Baadaye kikaja Micro-ATX, cha milimita 244 kila upande. Kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta Mini-ITX mwaka 2001, cha milimita 170 kila upande. Ubao mdogo huingia katika kasha kubwa, lakini ubao mkubwa hauingii katika kasha dogo. Kama ubao wenu ni ATX kamili na kasha jipya ni la Mini-ITX, mjadala umekwisha. Hapo mnazungumzia kununua ubao mwingine, na pengine prosesa nyingine.

La pili ni kipozi. Vipozi vya mnara vinavyopendwa na waongezaji kasi husimama milimita 155 hadi 165 juu ya prosesa. Makasha mengi madogo hayakubali kipozi kirefu kama hicho, kwa hiyo mtu hulazimika kutia kifupi. Vipozi vingi vifupi hukusudiwa prosesa za wati 65 au 95, wala si 156. Tena, kuizunguka prosesa kuna vidhibiti volti, ambavyo navyo hupata joto volti inapopandishwa. Katika kasha kubwa vilipozwa na hewa iliyokuwa ikipita, na katika kasha dogo huenda hewa hiyo isivifikie.

La tatu ni pawa saplai. Ile ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Makasha madogo mengi hutaka ya aina ya SFX, yenye milimita 125 kwa 63.5. Ya zamani haitaingia, na nyaya zake ndefu zingeziba njia ya hewa hata kama ingeingia.

La nne ni feni. Feni pana ya milimita 120 au 140 husukuma hewa nyingi ikizunguka polepole. Feni ndogo ya milimita 80 ikitakiwa kusukuma hewa hiyo hiyo hulazimika kuzunguka mbio zaidi, na hapo hupiga kelele. Kwa ofisi ya kawaida kelele ni usumbufu mdogo. Kwa chumba cha kurekodia ni kasoro kubwa, kwa sababu mvumo wa feni huingia katika maikrofoni na kukaa chini ya sauti ya mzungumzaji. Anayechunguza konsonanti zenye mkwaruzo, kama /s/ na /sh/, atakuwa anapima mzungumzaji na feni kwa pamoja.

Kigali na hewa yake

Wapo wanaosema kwamba Kigali hakuna joto, kwa hiyo hofu hii ni ya watu wa Mombasa na Dar es Salaam. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Jiji letu liko takriban mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya wastani. Lakini mwinuko huo huo unaotupa ubaridi unatupa pia hewa nyepesi. Kwa mwinuko huu kanieneo ya hewa hupungua kwa asilimia 17 hivi ikilinganishwa na pwani. Feni husukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa kidogo zaidi ya kubeba joto.

Tuseme kasha linatoa joto la wati 200 na feni zake zinapitisha lita 20 za hewa kwa sekunde. Dar es Salaam, siku yenye nyuzi 27, hewa hiyo itapata joto la nyuzi 8.5 zaidi ikipita ndani ya kasha, hivyo itatoka na nyuzi 35.5. Kigali, siku yenye nyuzi 21, itapanda kwa nyuzi 10 na kutoka na nyuzi 31. Tumewazidi wenzetu kwa ubaridi, lakini zile nyuzi 6 tulizoanza nazo zimebaki 4.5, na kipozi nacho hupungukiwa nguvu katika hewa nyepesi.

Sasa tulete kasha dogo ambalo feni zake zinapitisha nusu tu ya hewa ile, lita 10 kwa sekunde. Hapa Kigali hewa ya ndani itapanda kwa nyuzi 20, itoke na 41. Na kwa kuwa joto la prosesa hupanda karibu sambamba na joto la hewa inayokifikia kipozi, kasha dogo limeweza kuongeza takriban nyuzi 10 kabla hata hatujazungumzia kipozi kifupi. Kasha likiwa katika chumba cha kurekodia kilichofungwa madirisha ili sauti za pikipiki zisiingie, hewa ya chumba nayo itapanda saa baada ya saa.

Aidha, tusilisahau vumbi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi jekundu hupenya kila mahali. Katika kasha dogo mapezi ya kipozi hubanana zaidi na feni huzunguka mbio zaidi, kwa hiyo huziba mapema. Majaribio yaliyofaulu mwezi wa Aprili yanaweza yasifaulu mwezi wa Agosti.

Makosa ya kimya

Prosesa ikipata joto kupita kiasi, aghalabu karibu na nyuzi 100 kwa zile za Intel za mezani, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo hutokea kioja: kompyuta iliyoongezwa kasi inakwenda polepole kuliko ambayo haikuguswa. Mwenyewe huona tu kwamba kazi zinachelewa, akadhani ni virusi.

Hilo ni baya, lakini linaonekana. Baya zaidi ni lile lisiloonekana. Prosesa iliyokimbizwa hadi ukingoni mwa uwezo wake hukosea hesabu mara moja moja kabla ya kufikia joto la kujizuia. Mwaka 2005 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alisimulia jinsi mwenzake alivyokuwa akichunguza taarifa za kompyuta zilizoanguka ghafla, akakuta nyingine zimeangukia katika amri rahisi mno, ya kuweka sifuri tu mahali ndani ya prosesa. Amri kama hiyo haina namna ya kushindikana. Alipowasiliana na wenyewe, ikabainika kwamba kompyuta nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeongezwa kasi. Wapo waliokana, na baadaye ikaonekana kwamba duka lililowauzia ndilo lililoziongeza kasi bila kuwaambia. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wa kompyuta binafsi zipatazo milioni moja, nao ukaonyesha kwamba zilizoongezwa kasi huanguka mara nyingi zaidi.

Kwetu sisi tunaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika, habari ya duka lile ni onyo. Kompyuta ya mkono wa pili inaweza kuwa imeongezwa kasi na mtu usiyemjua, kwa kasha na kipozi ambavyo hukuvipokea pamoja nayo.

Na hasara yenyewe ni ipi? Saa moja ya sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, ina sampuli zaidi ya milioni 158 na huchukua megabaiti zipatazo 318. Sampuli moja ikikosewa, sikio litasikia mlio mdogo tu au lisisikie chochote. Lakini kosa hilo hilo likitokea katika faili lililobanwa, au katika orodha inayoiambia kompyuta kila faili liko wapi katika diski, rekodi nzima yaweza isifunguke. Na likitokea wakati wa kunakili, utakuwa na nakala mbovu unayoiamini. Mwanafunzi ataigundua siku ya kuandika sura ya nne ya tasnifu yake.

Hatua za kuhamisha

Baada ya maelezo hayo, tunapendekeza utaratibu ufuatao. Anayemwachia fundi kazi hii amsomee fundi orodha hii kabla kasha halijafunguliwa.

Kwanza, nakala. Kazi zote zinakiliwe katika diski ya nje, na zilizo muhimu ziwe na nakala ya pili mahali pengine. Kunakili kufanywe baada ya kasi kurudishwa ya kawaida, ili mashine isikosee ikiwa inanakili. Zipo programu za bure zinazokokotoa muhuri wa faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao hubadilika hata biti moja ikibadilika. Linganisha muhuri wa faili la asili na wa nakala. Vikilingana, nakala ni salama.

Pili, kumbukumbu. Ingia katika bayosi, andika katika daftari au piga picha mipangilio ya kasi, kizidisho, volti na namna diski inavyosomwa. Hili la mwisho husahaulika. Betri ndogo ya ubao mama, aina ya CR2032, ikitolewa wakati wa kuhama, bayosi inaweza kurudi katika mipangilio ya kiwandani, na diski iliyokuwa ikisomwa kwa namna moja ikasomwa kwa namna nyingine. Kompyuta haitawaka sawasawa na watu watadhani diski imekufa.

Tatu, irudishe kasi ya kiwandani kabla ya kuhama. Hatua hii isirukwe. Katika kasi hiyo pima joto la prosesa ikiwa imetulia na ikiwa na kazi nzito, uandike. Hicho ndicho kipimo utakachokilinganisha baadaye.

Nne, pima kasha jipya kwa rula kabla ya kulipia: aina ya ubao linaoukubali, kimo cha kipozi, aina ya pawa saplai, urefu wa kadi ya picha kama ipo, na idadi ya feni. Tazama pia kama ubavu ulio karibu na kipozi una matundu. Kasha la kupendeza lenye kioo kila upande huonyesha taa vizuri na hupumua vibaya.

Tano, wakati wa kuhamisha, chomoa waya wa ukutani na uguse chuma cha kasha mara kwa mara ili umeme tuli wa mwilini usirukie katika ubao. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe kabisa, kwani ndani yake hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa. Ubao mama ukae juu ya zile nguzo ndogo za skrubu, kila moja mahali pake. Nguzo iliyobaki pasipo na tundu huweza kugusa mgongo wa ubao na kuleta shoti.

Sita, futa krimu ya zamani ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na kipozi, utie mpya kidogo, kiasi cha punje ya njegere. Kisha zipange feni ili hewa iingie upande mmoja na kutoka upande mwingine, kwa kawaida iingie mbele au chini na kutoka nyuma au juu. Feni zote zikipuliza ndani, hewa ya moto haina pa kutokea.

Saba, iwashe katika kasi ya kawaida, uijaribu. Kwa kumbukumbu ya kompyuta ipo MemTest86. Kwa prosesa ipo Prime95, ambayo ni ya mradi ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa za aina ya Mersenne. Programu hiyo hupendwa kwa majaribio kwa sababu huyalinganisha majibu yake na yale yanayojulikana tayari. Prosesa ikikosea hata mara moja, itasema. Iache ifanye kazi saa kadhaa, mlango wa chumba ukiwa umefungwa kama utakavyofungwa siku ya kurekodi, huku ukitazama joto. Likikaribia nyuzi 90 katika kasi ya kawaida, kasha halifai.

Nane, kama bado mnahitaji kasi zaidi, pandisheni hatua ndogo ndogo, na kila hatua irudiwe majaribio. Msirudishe tu zile namba zilizoandikwa katika daftari. Zile zilikuwa za kasha lile.

Je, kuna haja?

Swali la mwisho ndilo lililopaswa kutangulia: kompyuta ya kurekodi na kuchambua sauti inahitaji kuongezwa kasi? Kurekodi mkondo mmoja au miwili ya sauti ni kazi nyepesi kwa prosesa yoyote ya miaka kumi na mitano iliyopita. Praat huchora spektrogramu ya sentensi kwa kufumba na kufumbua. Kinachochelewesha kazi hizi mara nyingi ni diski ya zamani inayozunguka au upungufu wa kumbukumbu. Kubadili diski hiyo kwa ile isiyo na kiungo kinachozunguka huleta nafuu inayoonekana, na diski hiyo haina mvumo.

Kwa hiyo, kwa chumba cha kurekodia, ushauri wetu ni kuirudisha prosesa katika kasi ya kiwandani, na ikiwezekana kuishusha kidogo pamoja na volti yake. Feni zitazunguka polepole, maikrofoni itasikia watu tu, na mafaili yatakuwa salama zaidi. Mwenye kupenda kuongeza kasi kwa michezo au kwa kujifunza hatumkatazi, lakini afanye hivyo katika mashine yake ya nyumbani, wala si katika ile inayobeba sauti za wazee wa watu.

Hitimisho

Tumeona kwamba kasi ya kompyuta haiko katika prosesa peke yake. Kipozi, feni, hewa ya mji, vumbi na kasha vyote vimo katika hesabu. Kasha likibadilika, hesabu imebadilika, hata kama hakuna namba iliyoguswa katika bayosi. Atakayefuata utaratibu wa kunakili, kurudisha kasi, kuhamisha, kujaribu na ndipo kupandisha, atapoteza siku moja au mbili. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili walisema kweli.

Vipande vitakavyobaki, kama kasha la zamani na pawa saplai, visitupwe jalalani. Vikiwa vizima vitamfaa mwanafunzi au fundi mwingine. Vikiwa vibovu, Rwanda ina kituo cha kuchakata taka za kielektroniki katika wilaya ya Bugesera. Na wenzetu wenye istilahi bora kuliko tulizozitumia humu tunawakaribisha wazilete idarani tuzijadili.